Je, wajua nyigu anaweza kuidanganya mita ya spidi ya ndege?

Cessna 172 imelala nje siku kadhaa. Asubuhi rubani anaitia moto, anaikimbiza, injini inanguruma kama kawaida na nyasi za pembeni zinarudi nyuma mbio. Mshale wa mita ya spidi umelala kwenye sifuri. Anarudisha gesi, anakanyaga breki, safari imeishia hapo. Fundi haanzi na mita. Anainama chini ya bawa la kushoto, anachungulia kijibomba kisichozidi unene wa kidole, na ndani anakuta tope kavu. Nyigu amejenga.

Kijibomba hicho huitwa bomba la Pitot, kwa jina la Henri Pitot, Mfaransa aliyepima mwendo wa maji ya mto Seine mwaka 1732 kwa kutumia mrija. Mdomo wake unatazama mbele na kupokea hewa inayoigonga ndege. Ubavuni mwa ndege kuna tundu dogo linalosoma presha ya hewa iliyotulia. Mita ya spidi inalinganisha hewa hizo mbili: tofauti ikikua, mshale unapanda. Altimita, inayoonyesha urefu kutoka usawa wa bahari, na mita ya kupanda na kushuka hutegemea lile tundu la ubavuni peke yake.

Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzoefu ni nani na nani wanadanganya pamoja. Mita ya spidi ikiwa peke yake, mshukiwa ni bomba la Pitot. Zikikosea zote tatu, twende ubavuni.

Mshale uliolala sifuri ni kosa la kistaarabu, maana linajitangaza ndege ingali chini. Balaa ni pale mdomo wa bomba na kitundu chake cha kutolea maji vinapoziba vyote. Presha iliyonaswa ndani haibadiliki tena, lakini kadiri ndege inavyopanda, hewa ya nje inapungua. Tofauti inakua, mita inaonyesha spidi inaongezeka. Rubani anainua pua na kupunguza gesi ili aipunguze, kumbe anazidi kuipoteza ile kidogo iliyokuwapo, hadi mabawa yanashindwa kuibeba ndege.

Hili liliwakuta hata wenye ndege kubwa. Februari 1996, Boeing 757 ya Birgenair iliruka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini baada ya dakika chache; watu 189 walikufa. Ndege ilikuwa imekaa chini wiki kadhaa, na wachunguzi waliwashuku nyigu wa udongo. Oktoba mwaka huohuo, Boeing 757 ya Aeroperú iliondoka Lima ikiwa na utepe wa gundi juu ya matundu ya ubavuni, uliosahauliwa baada ya ndege kuoshwa. Walikufa 70.

Tundu la ubavuni likiziba angani, altimita hugandia pale ilipokuwa na mita ya kupanda hukaa sifuri hata ndege ikishuka. Cessna nyingi zina kitufe cha kuvuta kinacholeta hewa ya ndani ya chumba badala ya ile ya nje. Hewa hiyo huwa na presha pungufu kidogo, kwa hiyo altimita na spidi husoma juu kidogo. Rubani anayejua hilo hatishiki. Pasipo kitufe, marubani hufundishwa kuvunja kioo cha mita ya kupanda na kushuka ili hewa ya chumba iingie, kwa kuwa ndiyo wanayoweza kuikosa bila hasara kubwa.

Kabla ya kulaumu nyigu, tazama kwanza namba ya presha iliyowekwa kwenye altimita. Kukosea hektopaskali 10 (kipimo cha presha ya hewa) ni kukosea karibu futi 300. Ukiwa umeegesha Wilson, Nairobi, ambako uwanja uko zaidi ya futi 5,500, altimita inapaswa kukubaliana na uwanja; ikipishana kwa zaidi ya futi 75, mwite fundi. Upeo bandia, unaoonyesha ndege imeinama au imeinua pua, na dira ya jairo, inayoonyesha uelekeo, zikianza kulewa pamoja, hizo hazina habari na Pitot: huendeshwa na pampu ya kufyonza hewa, basi angalia geji yake.

Tope lenyewe usilipulize kwa mdomo wala kompresa ilhali mpira umeunganishwa na mita. Zile mita ni laini ajabu, upepo mmoja unaziharibu. Fundi huchomoa mpira kwanza.

Na kile kifuniko cha bomba la Pitot chenye utepe mwekundu, marubani wengi hukiona ni cha ndege ya kulala tu. Mwaka 2013, Airbus A330 iliyoondoka Brisbane, Australia, ililazimika kurudi kwa sababu ya bomba lililozibwa na nyigu. Ilikuwa imekaa chini saa mbili.