Kwa nini kundi la kuchati humsaidia mwanafunzi wa ughaibuni kuwaelewa wenyeji?

Je, wajua kwamba mtu anaweza kusoma ughaibuni mwaka mzima na bado asiwaelewe wenyeji? Mazungumzo ya ana kwa ana huenda mbio. Mtu anakataa mwaliko kwa upole, wenzake wanamwelewa, mgeni anadhani amekubali. Kabla hajauliza, mada imeshahama.

Kwenye simu maneno yanabaki. Tuseme mwanafunzi amewaalika wenzake kupitia kundi la WhatsApp. Mmoja anajibu, “Nitaangalia ratiba,” na emoji ya tabasamu. Siku ikifika haonekani, wala hakuna anayemlaumu. Mgeni akirudi kusoma jumbe za nyuma, anakuta karibu kila aliyejibu hivyo hakuja. Basi keshajua watu wa pale wanavyokataa, somo ambalo ni nadra kulikuta kwenye vitabu vya mwongozo. Akibaki na shaka, anamwandikia rafiki mmoja pembeni: “Alikuwa na maana gani?” Kuuliza hivyo mbele ya watu kunahitaji moyo.

Mwaka 1990 mwanaisimu Richard Schmidt alieleza kwamba mjifunzaji wa lugha hushika kile alichokitambua kwanza. Naamini ndivyo ilivyo kwa utamaduni pia, na ujumbe ulioandikwa humpa mtu muda wa kutambua.

Programu za kuchati zenyewe zinafundisha. Korea Kusini wengi hutumia KakaoTalk, iliyoanza mwaka 2010. Kando ya ujumbe huwa kuna tarakimu ya idadi ya ambao hawajausoma. Anayetaka kujua kimya kina uzito gani huko aangalie watu huchukua muda gani kujibu tarakimu hiyo ikishatoweka.

Hatari ipo, maana simu hiyohiyo imebeba nyumbani. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, aliyeeneza dhana ya mshtuko wa utamaduni, yaani hali ya mtu kuchanganyikiwa akiingia katika utamaduni asiouzoea, katika miaka ya 1950, aliona jinsi wageni wanavyokusanyika na watu wa kwao kuwalalamikia wenyeji. Leo kikao hicho kinaweza kwenda usiku na mchana mfukoni. Kundi la watu wa kwenu usiliache, linafariji sana. Ila mratibu wa masomo aanzishe jingine lenye wenyeji, kila mwanafunzi aweke humo jambo moja lililomtatiza wiki hiyo, na wenyeji walieleze wenyewe. Na anayetaka kupeleka ujumbe wa mwenyeji darasani amwombe ruhusa kwanza.