Sarafu ya kumbukumbu na kisu cha mfukoni: nani hasa anamuumiza mwenzake?

Wapo watu ambao kisu cha kukunja hakiingii mfukoni mwao bila sarafu moja ya kukisindikiza: ya mwaka waliozaliwa, ya kurithi kwa babu, au dola kubwa ya madini ya fedha ambayo kidole gumba kimeshaizoea. Desturi yenyewe haina masharti. Yanayosemwa juu yake ndiyo yenye kasoro, na mengi huifanya sarafu iwe adui wa kisu. Kwa kawaida anayeumia ni sarafu.

Dhana: Sarafu inayokuja na kisu cha zawadi ni ya kutunza kwa bahati.

Hapa desturi mbili zimechanganywa. Katika nchi nyingi za Ulaya, na Marekani pia, imani ya zamani husema kisu kilichotolewa bure hukata urafiki. Dawa yake ni kukinunua: anayepokea hutoa sarafu, hata senti moja, na zawadi ikawa mauzo. Mtoaji anayeijua imani hiyo hubandika sarafu kwenye boksi la kisu ili mpokeaji asikose cha kulipa. Unaibandua na kumrudishia palepale. Ukiitia mfukoni, kwa mujibu wa imani yenyewe bado unadaiwa.

Sarafu ya kubeba ni jambo jingine. Haihusiani na malipo, na si lazima iwe ya fedha wala ya kale. Kama ilibandikwa na gundi imebaki, usiikwangue. Itumbukize dakika chache katika asetoni safi (kimiminika cha kuyeyusha gundi na rangi), kwenye chombo cha kioo, mbali na moto, kisha iache ikauke yenyewe. Mpini wa kisu usiuhusishe, kwani asetoni huyeyusha plastiki nyingi.

Dhana: Sarafu hubutua makali.

Kisu kikikunjwa, makali huwa ndani ya mpini na sarafu haiyafikii. Hata yangegusana, fedha na shaba zina ugumu wa 2.5 hadi 3 kwenye kipimo cha Mohs (cha ugumu, kutoka 1 hadi 10), wakati chuma cha kisu kilichotiwa ugumu kwa moto hupita 5. Ndiyo maana sarafu iliyokaa mwaka mzima na kisu hutoka na mikwaruzo, na kisu kikatoka salama, labda mpini wake uwe laini.

Kuna hali moja ya kuangalia. Visu vingi vya kisasa vina mgongo wazi: vipande viwili vya mpini vimetenganishwa na nguzo ndogo tu, na makali yaliyokunjwa yanaelekea kwenye uwazi huo. Nafasi hiyo lazima iwe pana kuliko unene wa bapa la kisu, ambao mara nyingi ni milimita 2 hadi 3. Sarafu nyembamba kama senti 10 ya Marekani, yenye unene wa milimita 1.35 na kipenyo cha 17.91, hupita humo bila taabu. Ikiingia, itachanjwa. Kwa kisu cha namna hiyo chagua sarafu isiyotoshea: ipimishe kwenye uwazi kabla ya kuanza kuibeba.

Mchanga ndio unaokwaruza vyote viwili, kwa kuwa chembe zake hufika ugumu wa 7. Pindua mfuko nje-ndani mara moja kwa wiki, uukung'ute.

Dhana: Fedha ikigusana na chuma, kisu hupata kutu.

Nusu ya kweli. Metali mbili tofauti zikiguswa na jasho kwa pamoja, chuma ndicho kinacholiwa na fedha au shaba hubaki. Lakini bila unyevu hakuna kinachotokea, na jasho peke yake linatosha kukitia kutu kisu cha chuma chenye kaboni nyingi, sarafu iwepo isiwepo. Kikaushe jioni, kipake tone moja la mafuta ya madini, ufute mpaka vidole visiteleze. Mafuta yakizidi kwenye bawaba hukusanya nyuzi na vumbi.

Sarafu za kuogopa kidogo ni zile zenye kiini cha chuma: senti 1, 2 na 5 za yuro, na peni 1 na 2 za Uingereza nyingi za kuanzia 1992. Ngozi yao ya shaba ikikwanguliwa, kutu huanzia ndani na kuchafua kila kinachoigusa. Sumaku itakuonyesha.

Dhana: Sumaku ikikataa, sarafu ni ya fedha.

Shaba, na mchanganyiko wa shaba na nikeli, navyo havivutwi. Angalia mwaka na uzito. Robo dola ya Marekani ya hadi 1964 ina fedha asilimia 90 na gramu 6.25, zilizofuata zina gramu 5.67 na mstari wa shaba ukingoni. Uingereza ilishusha fedha kutoka asilimia 92.5 hadi 50 mwaka 1920, na kuiondoa kwenye sarafu za matumizi mwaka 1947.

Dhana: Sarafu ya kubeba ing'arishwe mara kwa mara.

Hili ndilo kosa linaloharibu zaidi. Weusi wa fedha ni utandu uliotokana na salfa, nao umeshikana na metali yenyewe. Dawa ya meno na dawa za kung'arisha huuondoa kwa kuparua, na kila mparuo hula herufi na nywele za sanamu. Kisha uji mweupe hukauka kwenye mabonde ya mchoro na kukataa kutoka. Mfuko tayari hufanya kazi nzuri zaidi: vilele hung'aa, mabonde hubaki meusi, na mchoro husomeka. Uchafu wa kawaida uoshe kwa maji safi yenye tone la sabuni laini, suuza, kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba, usisugue.

Sarafu yenye thamani kwa wakusanyaji isibebwe kabisa. Tafuta iliyokwisha kuchakaa. Dola ya Morgan ya 1921 (sarafu ya fedha ya Marekani), kwa mfano, yenye milimita 38.1 na gramu 26.73, hupatikana kwa wingi ikiwa imelika, na kwa ukubwa huo huwezi kuitoa dukani kwa bahati mbaya.

Dhana: Sarafu ni bisibisi ya dharura.

Kwa kifuniko cha betri, sawa, na afadhali kuliko ncha ya kisu inayovunjika. Tumia sarafu ya chenji lakini. Ukingo wa fedha huingia kovu mara moja.

Dhana: Kutoboa sarafu ni kosa kila mahali.

Sheria hutofautiana. Marekani hulenga ulaghai. Uingereza, sheria ya 1971 hukataza kuyeyusha au kuvunjavunja bila kibali. Uwanja wa ndege sarafu itapita, kisu kitabaki.

Mahali pa kuziweka: sarafu kwenye kifuko kidogo cha jinzi kilicho juu ya mfuko wa kulia, kisu kwenye mfuko mkubwa. Ukipenda ala ya ngozi, iwe na vyumba viwili vilivyoshonwa katikati, na usiku sarafu itoke, kwa sababu mafuta ya ngozi huiotesha shaba ukoko wa kijani.