Upfront siyo hela, jamani

Jumanne naamka nakuta meseji ya sauti wasap, dakika nne nzima. Ni jamaa mmoja anauza karafuu na mdalasini, nimeshamfanyia kazi mbili tatu za kutafsiri, anasema dada, yule mnunuzi wa Ujerumani aliniandikia anataka tuwe upfront, nami nikamjibu tunakubali upfront, asilimia hamsini, sasa leo siku ya tisa hajibu, hawa watu ni wabahili sijapata kuona. Nikamwambia kaka nitumie imeili yenyewe. Akaituma. Sentensi yote ilikuwa hii: "Please be upfront with us about your lead times."

Basi. Hakuna hela hapo hata senti. Mjerumani wa watu anaomba aambiwe ukweli mapema, kwamba akiweka oda leo mzigo utatoka baada ya siku ngapi, asije akaambiwa wiki mbili halafu zikawa tisa. Akajibiwa kwa kudaiwa nusu ya pesa. Ningekuwa mimi ningekaa kimya siku tisa na zaidi.

Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikaeleza kwa upole kwa simu, leo naandika ili mwingine akija nimtumie linki tu nirudi kwenye chai yangu.

Imani yenyewe iko hivi: upfront ni neno la hela, maana yake lipa kwanza, mwisho. Naelewa ilikotoka, sisi neno hili tumelikutia kwenye invoisi na kwa madalali wa nyumba. Dalali wa Dar akikwambia "mwenye nyumba anataka upfront miezi sita" hapo hakuna utata, tafuta kodi ya miezi sita au rudi ulikokuwa. Kwa hiyo neno limeingia Kiswahili chetu cha mtaani na mguu mmoja tu, ule wa hela, na mguu wa pili umebaki kwa wenyewe. Shida ni pale tunapowaandikia wenyewe.

Mguu wa pili ni wa ukweli. Mtu aliye upfront ni mtu anayekuambia jambo bila kuficha, lakini naomba hapa tuende taratibu kwa sababu kila mtu anarukia "mkweli" halafu anafunga daftari. Mkweli ni honest. Honest ukimuuliza atakujibu kweli. Upfront hasubiri umuulize. Chukua fundi gari: umempelekea gari, akatengeneza, ukamuuliza "hii spea ni mpya?" akakwambia "hapana, imeshatumika", huyo ni honest, hajakudanganya. Yule aliyekwambia kabla hajashika spana kwamba "bosi, spea nitakayoweka imeshatumika, mpya ni bei mara mbili, unasemaje?" huyo ndiye upfront. Wote wawili wamesema kweli, tofauti ni saa waliyoisema, na hiyo saa ndiyo roho ya neno lenyewe. Ndiyo maana linabeba hela na ukweli kwa pamoja: hela imetoka kabla, habari imetoka kabla, hakuna kilichowekwa nyuma kukusubiri.

Frank na candid ni majirani zake ila nyumba zao nyingine. Frank limetoka kwa Wafranki, kabila lililoipa Ufaransa jina, likawa na maana ya mtu huru, kwa hiyo frank ni anayesema kama mtu asiye na bwana. Candid, yaani msema wazi, limetoka kwenye Kilatini cha "nyeupe", na candidate ni ndugu yake kwa sababu wagombea wa Roma walivaa kanzu nyeupe kwenda kuomba kura (hapo usicheke, wagombea ni wagombea). Blunt ni mkavu wa maneno, anakupasulia tu. Upfront ukimzidishia chumvi anakaribia kuwa blunt, ndiyo maana Mwingereza akisema "she's very upfront" angalia uso wake kwanza, wakati mwingine anasifu, wakati mwingine anasema huyu mama hana breki.

Sasa sarufi, naipita haraka. Kwenye hela likikaa baada ya kitendo liandike maneno mawili: pay up front. Likikaa kabla ya jina liunganishe: an upfront payment. Kwenye ukweli linakwenda na with kwa mtu na about kwa jambo: be upfront with me about the price. Kamusi zenyewe hazijakubaliana, nyingine zinaweka kistari katikati, nyingine zinaunganisha kila mahali, na mimi nimeshawahi kurudisha kazi ya kijana nikaikosoa kistari halafu jioni nikakuta nimekiweka mwenyewe kwenye kazi yangu. Kwa hiyo sitagombana na mtu kwa kistari.

Wanafunzi wangu huwa nawapa njia ya mkato: ukiona with au about, ni ukweli, usipoona, ni hela. Inafanya kazi mara nyingi, halafu inakuja sentensi kama "please be upfront about payment" na darasa zima linasahau ile about, linaanguka. Neno payment lipo hapo, linang'aa, jicho linalikimbilia. Lakini hajakuambia ulipe! Amesema uwe wazi kuhusu malipo, labda anataka kujua unalipa lini, labda ana wasiwasi huna hela kabisa. Ukimtumia pesa atashangaa, ingawa hatazirudisha.

Kuna na hili la upfront cost, nalo watu wanalifananisha na malipo ya kabla. Sola ya nyumbani ina upfront cost kubwa. Maana yake siyo kwamba unalipa halafu unasubiri mzigo. Unalipa leo na paneli unaondoka nayo leo, ila hela nyingi inatoka mwanzoni kwa mkupuo na nafuu inakuja pole pole miaka inayofuata. Hiyo ni gharama ya kuanzia. Nimeona ripoti imetafsiriwa "gharama zinazolipwa kabla" na msomaji akauliza kabla ya nini, swali zuri sana.

Haya, tuje kwenye kinachonichoma kweli. Neno "mbele".

Front ni mbele, kila mtu anajua, front ya Kilatini ilikuwa paji la uso. Kwa hiyo mtafsiri mwenye haraka anaandika "malipo ya mbele", "mteja atalipa mbele", anapeleka, analala. Lakini mbele ya Kiswahili ikitumika kwa wakati inaangalia upande gani? Huko mbele. Siku za mbele. "Tutaongea mbele ya safari." Yote ni baadaye! Mechi ikisogezwa mbele kwetu imeahirishwa. Mwingereza akisema kikao kimekuwa brought forward, kimewahishwa, na kikiwa put back kimecheleweshwa, kinyume kabisa na sisi ambao tukirudisha nyuma tarehe tumeiwahisha. Wala wao wenyewe hawako salama, ukimwambia Mwingereza kikao cha Jumatano kimekuwa moved forward siku mbili, wengine watakuja Jumatatu na wengine Ijumaa, hilo limeshapimwa mara nyingi tu. Sasa wewe chukua neno lililovurugika kwao, lilaze juu ya neno linaloangalia upande mwingine kwetu, halafu weka saini.

Nimeona mkataba wa kuchimba kisima (sisemi wa nani) ulioandikwa "asilimia arobaini italipwa mbele". Mchimbaji anasubiri arobaini ndipo alete mashine. Mwenye kiwanja, mzee mmoja mstaarabu tu, anasubiri mashine ndipo alipe, kwa sababu yeye alivyosoma ni kwamba arobaini ataitoa huko mbele maji yakishatoka. Wiki tano wanatazamana. Nilipoitwa kusoma mzee akaniuliza "mwanangu, mbele siyo mbele?" na kwa kweli Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko cha mkataba. Sikuwa na la kumwambia zaidi ya pole.

Ndiyo maana mimi kwenye mkataba siandiki mbele hata kwa bunduki. Naandika "kabla ya", na baada ya "kabla ya" naweka kitu: kabla ya kazi kuanza, kabla ya mzigo kupakiwa, kabla ya kukabidhiwa funguo. "Malipo ya awali" yanatumika sana na kwenye zabuni ndiyo yaliyozoeleka, lakini nina mashaka nayo kidogo, kwa sababu awali ni ya kwanza, na ya kwanza inaweza kuwa awamu ya kwanza tu inayolipwa kazi ikiwa imeshafika nusu. Neno moja linalobeba up front lote sijalipata kwa miaka yote hii, na mwanafunzi akinibana namwambia hivyo hivyo.

Tena kuna kitu upfront haisemi na watu wanaisemesha kwa nguvu: pesa itakuwaje biashara ikivunjika. Upfront inasema lini, basi. Haisemi kiasi gani, haisemi inarudi au hairudi. Nimebishana na mtu kwenye daladala kuanzia Mwenge mpaka Posta anaamini "upfront hairudishwi, ndiyo maana yake". Hapana kaka. Hatima ya pesa iko kwenye maneno mengine. Deposit ya nyumba, ile Wakenya wanaita dipoziti, kwa kawaida inatakiwa irudi ukiondoka hujavunja kitu (inatakiwa, nimesema). Advansi ya mshahara ni hela yako mwenyewe imekuja mapema, mwisho wa mwezi wanakukata. Down payment ni kipande cha bei. Zote hizo unaweza kuzilipa up front na kila moja ina hatima yake.

Wafaransa hapa wametuzidi, wana arrhes na acompte mbali mbali. Ukitoa arrhes unaweza kubadili mawazo, mnunuzi akijitoa anaziacha, muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Acompte ni sehemu ya bei na umeshafungwa. Kwenye meza moja ya biashara maneno hayo mawili yanaokoa kesi nzima.

Na kinachoniudhi ni kwamba sisi hilo la kwanza tunalo! Arabuni. Arrhes na arabuni ni neno moja lililopita njia mbili, limetoka lugha za Kisemiti, Wagiriki wakalichukua wakaita arrabon, Warumi wakalikata, na upande wetu likaja kwa Kiarabu mpaka pwani. Fungua Biblia ya Union, Waefeso 1:14, Roho ni "arabuni ya urithi wetu", yaani kishika nafasi, kipande kimetangulia kuonyesha kwamba kilichobaki kinakuja. Na kwenye fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, arabuni ni mjadala wa zamani, Mahanbali (wafuasi wa madhehebu ya Hanbali) wanairuhusu na wanazuoni wengine walio wengi wanaikataa, wanachogombea ni hicho hicho: mnunuzi akijitoa, muuzaji anayo haki ya kubaki na pesa? Mashehe walilikalia swali hilo karne nyingi, leo mtu ana invoisi ya milioni thelathini na ameandika "upfront" peke yake akaona amemaliza.

Mtaani je, nikisema arabuni nani ananielewa? Wazee, na waliokaa mstari wa mbele kanisani. Vijana wananiuliza kama ni aina ya dawa. Kwa hiyo nalitamani, silitumii, naandika mstari mzima badala yake.

Niseme na la adabu, kwa sababu nalo linavuruga imeili. Sisi kumwambia mtu jambo gumu mapema kabla hajauliza tunaliona kama ukali. Lazima habari za nyumbani, watoto, mvua, halafu ndipo "sasa ndugu yangu, kuhusu ule mzigo". Kwa hiyo hata aliyeelewa be upfront anaona haya kuandika moja kwa moja kwamba msimu huu mvua imeharibu ukaushaji na karafuu zitachelewa. Anaandika "hakuna shida". Mnunuzi anaposikia kuna shida meli imeshaondoka, na kwake hilo ni baya kuliko kuchelewa kwenyewe. Mimi nawaambia salimia kwa sentensi moja, ya pili weka tarehe.

Jamaa wa karafuu tukamwandikia upya pamoja, mistari mitano, siku thelathini na tano kuanzia oda, na kwamba zinaweza kufika arobaini na tano mvua ikiendelea. Mjerumani akajibu siku hiyo hiyo jioni, ameshukuru, halafu chini kabisa akaandika "we can pay 30% up front."

Simu yangu ikalia. "Dada, hii sasa ni ukweli au ni hela?"

Nikamwambia hii ni hela, na hebu muulize biashara ikifa inarudi au hairudi. Mpaka sasa hajamuuliza, anasema asimvuruge.