Je, wajua: sarafu za Kilwa zilifikaje Australia?

Mwaka 1944, vita vikiendelea, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Akaokota sarafu tisa mchangani, akazitia kwenye kopo. Zilikaa humo hadi 1979 zilipopelekwa kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa, Kilwa hii hii yetu, kama kilomita 10,000 kutoka pale.

Nilipoisikia habari hii nilihitimisha papo hapo: mabaharia wetu walifika Australia mamia ya miaka kabla ya James Cook kufika mwaka 1770. Nikawasimulia wengi hivyo. Nilikosea. Nilichukua umri wa sarafu nikaufanya umri wa safari, na hivyo ndivyo wanavyofanya wengi wanaoipokea habari hii.

Chukua shilingi ya 1966, ile yenye kichwa cha Mwalimu Nyerere. Fundi anachimba msingi leo, anaikuta udongoni. Jambo la hakika ni moja tu: haikuanguka hapo kabla ya 1966. Huenda ilianguka mwaka uleule. Huenda pia ilikaa kwenye kibubu cha bibi miaka arobaini, ikaja kudondoka juzi.

Sasa okota pochi yenye sarafu za 1966, 1987 na 2014. Ilipotea lini? Si kabla ya 2014, kwa sababu sarafu changa kuliko zote ndiyo inayoweka mpaka. Sarafu za Kilwa hazina mwaka. Wataalamu hukadiria kwa jina la sultani, nazo ni za zama zilizotangulia Wareno kuivamia Kilwa mwaka 1505. (Maandishi ya pande zake mbili yana vina: ukigeuza sarafu, unamaliza ubeti.) Lakini zile za Waholanzi ni za karne ya 17 na 18. Kwa hiyo, ikiwa zote tisa zilianguka pamoja, zilianguka wakati masultani wale walikwisha kuwa historia.

Ikiwa zilianguka pamoja. Hakukuwa na mwanaakiolojia wa kuandika kila moja ilikuwa kina gani, na kando ya nini. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza timu kurudi huko, akiwa na ramani ambayo Isenberg aliitia alama ya X. Hawakupata sarafu nyingine mahali pale.

Nani alizileta, basi? Wanaotajwa sana ni mabaharia wa Makassar, kutoka Sulawesi, waliokwenda pwani ile kuvua majongoo bahari hadi 1907. Walisafiri kwa pepo za msimu kama majahazi yetu yalivyotegemea kaskazi na kusi: waliingia kuelekea Desemba, wakaondoka upepo ulipogeuka. Shaba ya Kilwa ingeweza kupita mikono mingi ya Bahari ya Hindi hadi kuwafikia. Ni dhana tu, ingawa naiona yenye uzito kuliko nyingine.

Kwamba walifika na kufanya biashara na Wayolngu, wenyeji wa pwani ile, hilo halina shaka. Limebaki hadi katika lugha: Wayolngu, wakitaja fedha, husema rrupiya. Ni neno lilelile lililotoka India na kutua kwetu pia, rupia.