Magofu ya Kaole: nguzo si mnara, na kibla haiko mashariki

Wageni wengi wanaofika Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, hutoka na maelezo yasiyo sahihi. Magofu yale ya msikiti na makaburi ya kale yanastahili kuelezwa vizuri.

"Nguzo zile ni minara ya adhana." Hapana, ni makaburi. Kaburi la nguzo ni ujenzi wa pwani yetu. Utayaona pia Tongoni, kusini mwa Tanga. Nguzo iliashiria kwamba hapo amelazwa mtu wa heshima. Baadhi zilipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China.

"Msikiti bila mnara haujakamilika." Bilal aliadhini juu ya paa la nyumba iliyo jirani na Msikiti wa Mtume (S.A.W.), na misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa na mnara. Alama ya hilali, yaani mwezi mwandamo, juu ya misikiti nayo ilienea zaidi enzi za Waothmani, watawala wa Kituruki. Si sharti la ibada.

"Waislamu wote husali kuelekea mashariki." Hili hata watu waliosoma hulisema. Kibla ni upande ilipo Kaaba, Makka. Aliye Morocco huelekea mashariki, aliye India huelekea magharibi. Sisi wa Bagamoyo tunaelekea kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa kuwa mji wetu uko kwenye longitudo ya 39 mashariki hivi na Makka ni kama 40. Ndiyo maana mihrabu ya msikiti wa Kaole, yaani kishubaka cha ukutani kinachoonyesha kibla, imo katika ukuta wa kaskazini. Paa limeanguka zamani, lakini ukiingia humo bado unajua safu zilipangwaje na imamu alisimama wapi.

Wapo pia wanaoidhani mihrabu kuwa madhabahu. Haitolewi kafara pale, wala kibla haimaanishi kwamba Kaaba inaabudiwa. Waislamu wa mwanzo walielekea Baitul Maqdis, Jerusalem, hadi kibla ilipogeuzwa mwaka 624. Isitoshe, mihrabu iliyoingia ukutani iliwekwa katika Msikiti wa Madina mwanzoni mwa karne ya 8, zama za Khalifa al-Walid, miongo mingi baada ya Mtume kufariki. Kuelekea kibla ni sharti la sala. Mihrabu ni alama ya kuionyesha tu.

"Wageni walitujengea." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wafanyabiashara wa Arabuni na Uajemi walikuja kweli, wengine wakaoa na kukaa. Lakini tazama kuta: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na juu yake zilipita boriti za mikoko. Boriti hizo huruhusu upana wa chini ya mita 3 hivi, kwa hiyo fundi alijenga vyumba vyembamba, na palipohitajika ukumbi mpana akasimamisha nguzo katikati. Na huko Shanga, kwenye visiwa vya Lamu, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine: ujenzi uliokua hapahapa, hatua kwa hatua.