Jeni ya maziwa unayo
Nimeisikia tena wiki hii, kwenye kibanda cha chai Kirumba, Mwanza. Kijana anarudisha kikombe: "Dokta, sisi Waafrika hatuna jeni ya maziwa."

Unayo! Jeni ni LCT, iko kwenye kromosomu ya 2, na ulizaliwa nayo ikifanya kazi. Maziwa ya mama yana laktosi, yaani sukari ya maziwa, kama gramu 7 kwa kila mililita 100. Ya ng'ombe hayafiki 5. Ulinyonya na ukanenepa. Laktosi hiyo ilikatwa na nini kama si laktezi yako, kimeng'enya kinachotengenezwa kwa maelekezo ya LCT? Wanaozaliwa na LCT mbovu ni wachache mno, na huharisha tangu siku za kwanza.

Kinachotofautiana ni swichi. Kwa watu wazima wengi duniani, LCT hufifia baada ya kuachishwa ziwa. Na swichi yenyewe haimo ndani ya LCT, imo kwa jirani yake, jeni ya MCM6, ambayo kazi yake ni kunakili DNA na haina habari na maziwa. Herufi moja ya DNA ikibadilika pale, laktezi inaendelea kutengenezwa hadi uzeeni. Nakala moja, ya baba au ya mama, inatosha.

Sasa hapa ndipo ninapokereka. Herufi ya Wazungu wengi ni -13910 (namba ni mahali ilipo, ikihesabiwa kutoka LCT). Ya kwetu, Tanzania na Kenya, ni -14010, herufi G ikiwa C. Mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake waliichapisha mwaka 2007. Ukipimwa kwa kipimo kinachosaka ile ya Ulaya pekee, utaambiwa maziwa huyawezi, na babu yako kachunga ng'ombe Magu maisha yake yote akiyanywa. Kuna mama alimnyima mtoto wa miaka miwili maziwa kwa sababu baba yake "hana jeni". Iliniuma sana.

Mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa: ni kinga ya mwili kupambana na protini za maziwa. Tumbo likijaa gesi kwa maziwa yasiyoganda, jaribu mtindi. Bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

Lakini herufi hizi hazielezi kila mtu. Wapo wanaokunywa bila shida na hawana hata moja. Karibu nusu ya Wahadza, wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, waliopimwa walikuwa wanameng'enya laktosi, na Wahadza hawajawahi kufuga. Imependekezwa kwamba ni kwa kuwa laktezi hukata pia florizini, kitu kichungu cha kwenye mimea. Mimi bado sijashawishika.