Picha ya Kitambulisho Si Kitambulisho cha Kidijitali

Wiki iliyopita, alfajiri, nilikuwa kwenye foleni ya safari za ndani katika kiwanja cha ndege hapa Dar es Salaam. Kijana aliyenitangulia alimwinulia askari wa ukaguzi simu yenye picha ya kitambulisho chake cha NIDA. Kadi ilikuwa imepigwa picha juu ya kitambaa cha meza chenye maua, pembe moja imefunikwa na kidole gumba cha mpigaji, na mwanga wa taa umeufuta uso wa mwenye kadi karibu wote. Askari akamwambia kwa upole kwamba anahitaji kadi yenyewe. Kijana akajibu, "Dada, siku hizi si ni kitambulisho cha kidijitali? Hiki hapa, kimo kwenye simu." Mzee aliyesimama nyuma yangu akamuunga mkono kwa sauti, na kwa muda foleni yote ikawa upande wa kijana, hadi alipotoka pembeni kupiga simu nyumbani ili kadi iletwe kwa bodaboda.

Kazi yangu ni kuunganisha mifumo ya uhakiki wa utambulisho, na kauli hiyo nimeisikia benki, hotelini, katika semina na nyumbani kwa shemeji yangu. Nimeichoka. Askari yule alikuwa sahihi, na usahihi wake hauhusiani hata kidogo na ukaidi wala na nchi kuachwa nyuma na teknolojia.

Sisi tumelelewa na nakala kivuli. Kuanzia maombi ya shule hadi maombi ya kazi tunapeleka kivuli cha cheti, na panapohitajika uzito zaidi tunakwenda kwa wakili agonge muhuri kwamba kivuli kinafanana na cheti halisi. Ndiyo maana tumezoea kuamini kwamba kitu kinachofanana na kitambulisho kinabeba sehemu ya nguvu yake. Picha ya kwenye simu ni kivuli ambacho hata wakili hajakiona. Mtu mwenye programu ya kawaida ya kuhariri picha hubadilisha jina na tarehe ya kuzaliwa kabla chai haijapoa, na askari anayetazama kioo cha simu hawezi kuipapasa kadi, kuiinamisha kwenye mwanga wala kukagua alama za usalama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Ukiitazama vizuri utaona kwamba muhuri haugongwi popote tu. Hugongwa nusu juu ya picha ndogo iliyobandikwa na nusu juu ya karatasi, ili mtu akiibandua picha na kuweka nyingine, duara la muhuri lisikutane. Muhuri huo umefunga vitu viwili visitengane. Kitambulisho cha kidijitali hufanya kazi hiyo hiyo kwa hesabu, na hufunga mara mbili. Kwanza, mamlaka iliyokitoa hutia saini ya kidijitali juu ya taarifa zako, picha ikiwemo, kiasi kwamba ikibadilika hata herufi moja saini haikubali tena. Pili, saini hiyo huzifunga taarifa na ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ya siri iliyohifadhiwa ndani ya simu yako, ufunguo ambao haukusudiwi kutoka humo kamwe. Mashine ya kusomea inapouliza, simu hutumia ufunguo huo kutoa jibu jipya linalohusu mazungumzo hayo tu. Ukinakili jibu la leo ukalileta kesho, mashine italikataa.

Kiwango cha kimataifa kinachoeleza mpangilio huu kwa leseni za udereva za kwenye simu ni ISO/IEC 18013-5, kilichotolewa mwaka 2021. Anayetaka undani wa hesabu zake akisome. Mimi nina jambo linaloniudhi zaidi.

Jambo hilo ni kitenzi "kuonyesha". Watu wanasema "nitaonyesha kitambulisho changu cha kidijitali", na hata baadhi ya wataalamu wenzangu huandika hivyo katika mapendekezo ya miradi, kisha tunashangaa mfumo unapojengwa ukiwa na kioo kizuri chenye nembo inayometameta na askari anayekitazama kwa macho. Nembo inayometameta haithibitishi chochote. Anayeweza kutengeneza programu ya kuonyesha kadi halisi anaweza kutengeneza programu ya kuonyesha kadi ya uongo yenye nembo ile ile, ikimetameta kwa kasi ile ile. Kitambulisho cha kidijitali hakionyeshwi, kinasomwa, na anayekisoma ni mashine. Simu hukutana na mashine kwa kugusishwa au kwa msimbo wa QR, na msimbo huo kazi yake ni kufungua mazungumzo tu. Katika mpangilio huu jina lako halimo ndani yake. Mashine hutaja taarifa inazozitaka, simu inakuuliza kama unakubali, wewe unakubali kwa kidole au kwa uso, ndipo taarifa zinapopita zikiwa zimefichwa njiani. Kama ukaguzi unahitaji jina, tarehe ya kuzaliwa na picha, hakuna sababu ya askari kujua unaishi Tandika au Masaki. Kadi ya plastiki haina uwezo huo wa kuchagua: ukiitoa, umetoa yote yaliyoandikwa juu yake. Na kwa kuwa hakuna kinachotazamwa kwenye kioo, huna haja ya kumkabidhi mtu yeyote simu yako. Wizara, benki au kiwanja kikikuambia kina kitambulisho cha kidijitali, uliza kwanza mashine ya kukisoma iko wapi. Kama haipo, kilichopo ni picha.

Huko Marekani, ambako mpangilio huu umetumika kwenye ukaguzi wa viwanja vya ndege, jimbo la Arizona lilianza Machi 2022 katika kiwanja cha Phoenix Sky Harbor. Abiria husogeza simu kwenye mashine, kamera humpiga picha, na picha hiyo hulinganishwa na ile iliyotiwa saini. Hata hivyo mamlaka ya usalama ya huko, TSA, imeendelea kuwashauri abiria wabebe pia kadi ya kawaida. Nawaomba wanaonitumia video za Phoenix kama hoja dhidi ya askari wetu waizingatie sehemu hiyo.

Isitoshe, Watanzania wengi tayari wanasafiri na taarifa zilizotiwa saini kwa namna hii. Pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018 ina chipu, na ndiyo maana kuna alama ndogo ya mstatili wenye duara katikati kwenye jalada lake. Mashine husoma kwanza mistari miwili ya herufi na tarakimu iliyo chini ya ukurasa wa picha, na kutokana nayo hupata funguo za kuzungumza na chipu. Picha ya ukurasa ule uliyoihifadhi kwenye simu haina chipu, kwa hiyo haina mazungumzo.

Namba ya NIDA nayo nisiiache. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe yako ya kuzaliwa, na umempa wakala wa laini, mwenye nyumba na mwajiri. Kuijua kwa moyo si ushahidi kwamba wewe ndiye mwenyewe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza mwaka 2019 ulilielewa hilo vizuri: namba ilikuwa dai, kidole kikawa uthibitisho.

Sasa mashaka yangu, ambayo vitabu vya fani hii huyapitia haraka mno. Tunaambiwa kwamba ukaguzi unawezekana bila mtandao, na ni kweli, kwa sababu mashine huhifadhi mapema vyeti vya kidijitali vya mamlaka zinazotoa vitambulisho, ambavyo kwavyo huhakiki saini zao. Lakini simu ikiibwa Kariakoo saa nne asubuhi, mashine isiyo na mtandao saa tano itajuaje kwamba kitambulisho kile kimefutwa? Jibu la kawaida ni kuzipa saini uhai mfupi ili simu izihuishe mara kwa mara, na hapo tunamtwisha abiria haja ya bando na chaji kabla ya safari. Sijaona suluhisho la jambo hili ambalo halimuumizi mtu fulani. Zipo pia simu za bei nafuu zisizo na chipu ya kutunza ufunguo kwa usalama, na zipo familia zinazotumia simu moja. Kwa sababu hiyo kadi isiondolewe, hata miaka mingi ijayo.

Shaka kubwa zaidi ni uso. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba algoriti nyingi, yaani kanuni za kompyuta, za utambuzi wa sura hukosea zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi na Mashariki kuliko kwa watu wa Ulaya Mashariki. Wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba mashine itatukataa. Kosa lililokuwa kubwa zaidi ni kinyume chake: kumkubali mtu asiye mwenyewe kwa kuwa wanafanana. Kwenye mlango wa usalama hilo ndilo kosa la hatari, na halipigi kelele, maana anayekubaliwa kimakosa halalamiki. Zipo algoriti ambazo tofauti hiyo ni ndogo sana, na kizingiti cha kukubali, yaani kiasi cha kufanana ambacho mashine hukitaka kabla ya kumkubali mtu, kinaweza kurekebishwa. Mashine za namna hii zikiletwa kwetu, nitamuuliza muuzaji kizingiti chake kimepimwa kwa nyuso za nani, na nitataka vipimo hivyo virudiwe hapa, kwa abiria wa hapa, kabla ya askari yeyote kuambiwa aache kumtazama mtu usoni.